Siku Basi la Ndera Lilipotoka na Viti Vitupu

Wenzangu mliobaki kwenye dawati la usafiri,

Mliniaga kwa keki na hotuba, kisha mkaniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilicholelewa nacho Karagwe, kabla wazazi wangu hawajatukusanya kurudi nyumbani Rwanda, na kwa sababu wengi wenu mliokulia Uganda, Bujumbura na Goma mnakijua kuliko mnavyokiri kwenye mikutano. Vyeo sitavitaja. Mishahara mnaijua, na asiyeijua asiharakishe kuijua. Nitawasimulia habari ya njia moja tu ya basi, Remera hadi Ndera, maana ndiyo iliyonifundisha kazi hii, na hadi leo nikiifikiria moyo hunienda mbio.

Siku yangu ya kwanza nilifika ofisini na viatu vya kisigino kirefu. Mkuu wa dawati alikuwa Mzee Sylvestre, mtu mwembamba aliyekulia Bujumbura, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla jiji halijamwajiri. Alinitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Karibu, Consolata. Kiti chako ni kile pale dirishani. Usikikalie."

"Nisikikalie, Mzee?"

"Nenda Remera. Panga mstari, panda basi la Ndera, fika mwisho wa njia, urudi. Kisha uje unieleze nani anaendesha usafiri wa jiji hili."

"Si ndio sisi?"

"Ndiyo maana nakutuma," akasema, akarudi kwenye makaratasi yake.

Nilifika Remera asubuhi nikakuta basi la Ndera limesimama pale kituoni, dereva yuko kwenye usukani, abiria wameketi, injini imezimwa. Nikaingia, nikakaa karibu na mama mmoja mwenye kapu la nyanya chungu. Tukakaa. Basi la kwenda katikati ya mji likaja ubavuni mwetu, likajaa, likaondoka. Likaja lingine, nalo likajaa, likaondoka. La Kanombe likaondoka pia, limejaa wafanyakazi wa uwanja wa ndege na wake za wanajeshi. Sisi tulikuwa palepale.

"Tunasubiri nini, mama?" nikamwuliza jirani yangu.

Alinitazama kama mtu aliyetoka ng'ambo. "Tunasubiri kujaa."

Nilirudi ofisini jioni, vidole vya miguu vimechubuka, nikiwa na hasira ya mtu ambaye hajui amkasirikie nani. Mzee Sylvestre alichukua chaki, akachora duara nne ubaoni. Ya kwanza ni wizara, inayopanga sera na kuomba fedha kwenye bajeti ya taifa. Ya pili ni mamlaka ya udhibiti, inayotoa leseni na kuweka nauli. Ya tatu ni sisi jiji, tunaochora njia na kujenga vituo. Ya nne ni kampuni, yenye mabasi, madereva na mafuta.

"Sasa niambie," akasema, "abiria aliyekaa ndani ya basi lisilotoka amlaumu nani?"

Nilitazama zile duara. Nikaonyesha kampuni.

"Kampuni itakwambia nauli ni ndogo, haiwezi kutoka na viti vitupu. Nauli inawekwa na mamlaka ya udhibiti. Mamlaka itakwambia haiwezi kupandisha nauli, watu hawana. Wizara itakwambia njia ni za jiji. Jiji litakwambia basi si letu. Na wote wanne watakuwa wamesema kweli." Akapangusa mikono. "Kazi yako, Consolata, ni kumtafutia yule abiria mtu wa kumlaumu."

Sijawahi kupewa maelezo ya kazi yaliyo bora kuliko hayo.

Nieleze kidogo kuhusu vifaa, maana ninyi mnakaa na kompyuta mkidhani kazi ilianza nazo. Tulikuwa na kile kimashine kidogo cha chuma cha kuhesabia watu, unachokishika kiganjani na kubonyeza kwa kidole gumba kila abiria anapopanda. Tulikuwa na koti la mvua, moja kwa watu wawili, kwa hiyo mvua ilimnyeshea kila mtu kwa zamu. Na tulikuwa na sheria moja ya Mzee Sylvestre: usiende kukagua njia ya basi kwa gari la ofisi. Ukiwa ndani ya gari la ofisi, mji wote unaonekana umepangwa vizuri. Sheria hiyo haijafutwa, nimeona tu kwamba imesahauliwa.

Siku zile barabara zetu zilikuwa bado za vibasi vidogo vya twegerane, jina ambalo kwa Kinyarwanda maana yake ni "tusogeleane", na abiria hawakuwa na hiari ya kufanya vingine. Jiji lilipoamua kuleta mabasi makubwa, tuligawa mji kwa kanda, kila kanda tukaitangazia zabuni, na kampuni iliyoshinda ikapewa kanda nzima peke yake. Mzee Sylvestre aliikata ramani kama mama anayegawa nyama: kila sahani ipate mnofu na ipate mfupa. Kanda yetu ilikuwa na Remera na Kanombe, njia ambazo basi linajaa hata dereva akiwa amelala. Huo ulikuwa mnofu. Ndera ndiyo mfupa: mlima, mashamba ya maharage na viazi, nyumba mpya zinazoota huku na huku, na hospitali ya wagonjwa wa akili. Wazo lilikuwa kwamba mnofu utalipia mfupa.

Zabuni ya kanda yetu ilichukuliwa na Bwana Karangwa, mtu mnene mcheshi, naye wa Bujumbura, aliyevaa suti hata akija kukagua gereji. Mabasi yalikuwa mapya, abiria wakawa wanayapiga picha. Miezi michache mambo yalikwenda vizuri mpaka nikaogopa kwamba nimekosa kazi. Kisha mabasi ya Ndera yakaanza kupungua. Moja lilihamishiwa Kanombe "kwa muda". La pili likaenda matengenezo, nikaja kuliona katikati ya mji, limejaa, lina afya njema kabisa.

Katika siku hizo ndipo alipoingia ofisini Mama Verediana. Alikuwa muuguzi katika ile hospitali ya Ndera, mama wa makamo, sauti ya chini, sweta la buluu juu ya sare. Nilimkaribisha kiti nikidhani atalalamika kuhusu kuchelewa kazini. Wauguzi wengi walilalamika hivyo, na walikuwa na haki.

"Sikuja kwa ajili yangu, Madamu," akasema. "Nikichelewa, mwenzangu ananisubiri, tunaelewana. Nimekuja kwa ajili ya wale wanaoruhusiwa kurudi nyumbani."

"Kwani wanashindwa kutoka?"

"Hawatoki peke yao. Mpaka ndugu aje kumchukua. Huyo ndugu anatoka Nyagatare, anatoka Rusizi, ameanza safari gizani. Anafika Remera mchana. Basi letu liko pale, halitoki. Akifika kwetu, watu wa ofisi wamekwisha kwenda. Na mgonjwa wake, Madamu, amekaa benchini tangu asubuhi. Ameoga, amevaa nguo zake za nyumbani, mfuko ameuweka magotini. Kila mlango ukifunguka anasimama." Akaivuta mikono ya sweta lake. "Mtu amepona. Nami ndiye ninayemwambia avue nguo arudi wodini, kwa sababu ya basi."

Nilimsindikiza mpaka getini. Niliporudi, nilimpigia simu Bwana Karangwa nikamwambia namtaka ofisini kesho.

Alikuja, akaketi, akakataa chai. Ucheshi wote ulikuwa umebaki nyumbani.

"Madamu Consolata, écoute, nisikilize. Mnaniambia njia. Mnaniambia nauli. Mnaniambia rangi ya basi. Sawa. Mafuta yakipanda, mnaniambia pia? Benki ikinipigia simu, nikupe wewe uongee nayo?"

"Mkataba unasema Ndera utaihudumia, Bwana Karangwa."

"Naihudumia! Basi liko pale Remera, nenda kaliangalie. Likijaa linatoka. Likitoka tupu, ninapanda mlima wote ule nikiwa nimebeba hewa. Nani ananilipa hewa?"

Nilikuwa nimejiandaa kugombana na tapeli. Nilimkuta mfanyabiashara anayeuliza swali zuri.

Mzee Sylvestre alikuwa amekaribia kustaafu wakati huo. Nilimweleza maneno ya Karangwa, naye akacheka kwa muda mrefu, akavua miwani akaifuta.

"Anasema kweli yule bwana. Tunamlipa kwa nauli za abiria, kwa hiyo anatuuzia viti vilivyojaa. Ukitaka akuuzie basi linalotoka kwa saa yake, itakubidi ununue basi linalotoka kwa saa yake."

"Tununue kwa fedha gani, Mzee? Jiji halina mfuko huo."

"Basi utafute mfuko," akasema. Wiki chache baadaye akastaafu, akaniachia dawati, ule mkasi mrefu wa kukatia ramani, na swali hilo.

Wakati wa korona ulitusogeza mbele bila kukusudia. Mabasi yaliamriwa kupakia nusu ya abiria, na serikali ikawa inafidia sehemu ya nauli ili kampuni zisife. Wengi waliiona kuwa dharura tu. Mimi niliona mlango umefunguliwa: kumbe fedha ya umma inaweza kuingia ndani ya basi na mbingu zisianguke. Lakini fedha ile ilifuata kichwa cha abiria. Kichwa kisipokuwepo, hakuna kitu. Basi la Ndera liliendelea kusubiri kujaa, sasa kwa fedha ya serikali.

Nikaandika pendekezo. Sitawachosha na maneno yake, kiini chake ni hiki: nauli zote za njia ziingie kwenye mfuko mmoja wa pamoja badala ya kuingia mfukoni kwa kampuni. Kampuni ilipwe kutoka kwenye mfuko huo kwa kila kilomita ambayo basi limekimbia kwa ratiba, limejaa au halikujaa. Nauli zisipotosha, fedha ya umma ijazie. Yaani ile hatari ya viti vitupu tumtue Karangwa, tuibebe sisi.

Pendekezo lilipita jijini bila shida, maana jiji halikutakiwa kulipa. Likafika hazina, mikononi mwa mwanauchumi aliyeitwa Doreen. Alikuwa amekulia Kampala, kijana kuliko mimi kwa miaka mingi, anatembea haraka na kuongea haraka zaidi. Chumba kilikuwa na watu wa duara zote nne, Karangwa akiwa kwenye kona na suti yake. Doreen alisoma ukurasa wa mwisho, akaweka kalamu mezani.

"Madamu Consolata, nina swali moja. Mkulima wa Nyagatare analipa kodi. Kwa nini alipie basi la mtu wa Remera?"

Niliwajua wanaume wawili mle chumbani waliosubiri swali hilo hilo ili wafunge mafaili yao. Nami sikuogopa, kwa kuwa swali lile nilikuwa nalijua kwa sura na kwa jina.

"Mkulima wa Nyagatare ndiye abiria," nikasema.

"How?"

Nikamweleza habari ya benchi la Ndera. Nilimweleza yule ndugu aliyeanza safari gizani kumfuata mgonjwa wake, na yule mgonjwa aliyesimama kila mlango ulipofunguka. Nikamwambia basi hili linaanzia Remera, lakini watu wake wanatoka nchi nzima, na anayechelewa zaidi ni yule aliyetoka mbali zaidi.

Doreen hakulia wala hakupiga makofi. Alivuta karatasi karibu. "Hiyo imenigusa," akasema. "Lakini huruma siwezi kuipeleka kwa waziri. Nipe kitu ninachoweza kukipima."

Hapo ndipo mambo yakawa moto. Nilidhani nimeingia kujitetea, kumbe nimeingia kufanya kazi. Alitaka kila basi liwe na kifaa cha kufuatiliwa kwa setilaiti, ili hazina isilipe kilomita ya mdomoni. Nikakubali. Alitaka basi likichelewa kutoka, safari hiyo isilipwe. Karangwa akaruka kwenye kona: je, polisi wakifunga barabara? Je, mvua? Tukabishana, tukaandika sababu zinazokubalika. Alitaka jaribio, njia moja tu, kabla ya kugusa kanda. Chai ilipoa, mtu wa wizara alivua koti, na yule Karangwa wa kulalamika alisimama ubaoni akitufundisha gharama za matairi kwenye njia ya mlima. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona duara zote nne zinachora kitu kimoja.

"Njia gani ya kujaribia?" Doreen akauliza, ingawa alijua.

"Ndera," tukajibu mimi na Karangwa pamoja, tukatazamana kwa mshangao.

Asubuhi ya jaribio nilifika Remera mapema kuliko wauza maziwa. Doreen alikuja kwa pikipiki, kofia ngumu aliyopewa na dereva wa pikipiki bado kichwani. Karangwa alikuja na suti ya kijivu, akisema hakulala. Basi la kwanza la ratiba lilikuwa pale, dereva wake akiitwa Innocent, kijana wa Kicukiro aliyekuwa ameendesha njia ile kwa miaka. Ndani kulikuwa na abiria wachache, wametawanyika, wamekunja mikono kama watu waliojiandaa kukaa.

Saa ya kutoka ilifika. Innocent alishika ufunguo, hakuuzungusha. Akachungulia dirishani.

"Madamu, gari bado kujaa. Iko na watu kidogo tu."

"Naona, Innocent. Toka."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Akamtazama bosi wake. Karangwa aliinua macho juu, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia kwa Kinyarwanda aende, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, "Genda, mwana wanjye. Genda!"

Basi likaunguruma, likasogea. Pale kituoni zogo likakatika ghafla. Muuza karanga alisimama na kijiko hewani. Kijana mmoja kwenye mstari wa Kanombe akapaza sauti, "Jamani, la Ndera limetoka! Limetoka tupu!" Na watu wakaanza kutokea mahali ambapo sikujua kuna watu. Walitoka kwenye vibaraza vya maduka, kwenye ukuta wa benki, kwenye kibanda cha chai, watu waliokuwa wamezoea kusubiri mbali hadi waone basi linakaribia kujaa. Walikimbia wakipunga mikono, na Innocent, ambaye hakuwa na moyo wa jiwe, alisimama mita chache mbele akawafungulia.

"Hiyo hairuhusiwi!" Doreen alinifokea sikioni, lakini alikuwa akiruka juu chini na ile kofia ikigonga bega langu. Nami nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, mtu mzima, mbele ya kituo kizima.

Basi la pili likatoka kwa saa yake. Na la tatu. Kufika mchana watu hawakuwa wanakimbia tena, walikuwa wanauliza, "Linalofuata saa ngapi?" Swali hilo sikuwahi kulisikia Remera kuhusu Ndera, kwa kuwa halikuwa na maana. Jioni Mama Verediana alinipigia simu. Hakusema salamu. Alisema, "Madamu, leo benchi liko tupu," akakata.

Kama ningekuwa mjanja ningeishia hapo. Lakini nimeahidi kuwaambia kazi ilivyo, na kazi ilivyo ni kwamba wiki ya tatu Mama Verediana alinipigia tena, na safari hii alikuwa na hasira.

"Basi linapita halisimami! Nimepunga mkono, dereva amenipungia!"

Sikuamini. Nikapanda Ndera, nikasimama kituo cha chini ya hospitali, mahali peupe kabisa, na koti langu jekundu. Basi likaja, taa zinawaka, safi, kwa saa yake. Nikainua mkono. Likanipita mimi, mwanamke aliyeandika mkataba wake, likapandisha mlima likiwa na viti vitupu vingi sana. Nilibaki na vumbi na heshima yangu.

Bwana Karangwa alinipokea gereji bila aibu yoyote.

"Mama, ulinunua kilomita, nimekupa kilomita. Dereva akisimama kila mahali anachelewa. Akichelewa, mlisema hamlipi. Abiria siku hizi ananiongezea nini? Dakika tu."

Nilikaa kwenye tairi kuukuu nikacheka mpaka machozi. Alikuwa ametushinda kwa maneno yetu wenyewe, na hakuwa hata ameyapinda. Nilimpigia Doreen hapo hapo, nikasubiri anitukane. Badala yake nilisikia akipiga meza kwa furaha.

"Of course! Tumemtoa abiria kwenye hesabu kabisa! Njoo, njoo sasa hivi, mlete na Karangwa!"

Tukarekebisha. Sehemu kubwa ya malipo ikabaki ya kilomita na ratiba, ili basi litoke. Sehemu nyingine tukaifunga kwa abiria wanaogusisha kadi ya nauli mlangoni, ili basi lisimame. Tukalegeza dakika za njiani, maana mama mwenye mtoto na kapu hapandi kama mwanariadha. Na tukabandika namba ya simu ya malalamiko ndani ya kila basi, ikaja kwenye dawati letu, kwangu. Hivyo yule abiria akawa hatimaye na mtu wa kumlaumu, na naweza kuwathibitishia kwamba aliitumia nafasi hiyo ipasavyo. Mnaoishika simu hiyo leo, ipokeeni. Wakati inapoita sana, fahamuni kwamba watu bado wanatarajia kitu kutoka kwenu. Ikinyamaza ndipo muogope.

Wahisani walikuja kutazama, wakapiga picha za kile kifaa cha setilaiti. Kampuni za kanda nyingine zililalamika kwamba Karangwa anapendelewa, kisha zikaomba zipewe mkataba kama wake. Doreen alikwenda kwa waziri na michoro yake, na ninaambiwa kwamba baada ya michoro yote alieleza habari ya benchi, kwa maneno machache, akakaa chini. Siku baraza la jiji lilipokubali mkataba huo uende kwenye kanda yetu nzima, mimi, Doreen na Karangwa tulikuwa nje ya ukumbi kwenye ngazi, hatuna ruhusa ya kuingia, tunasikiliza kupitia mlango. Tuliposikia makofi, Karangwa alinibeba juu. Nina uzito wangu, na suti ile ilipasuka kwapani. Alisema ndiyo suti pekee aliyoipoteza kwa furaha.

Nilimpigia simu Mzee Sylvestre, aliyekuwa akilima migomba yake Bugesera. Nikamwambia, "Mzee, tumenunua basi linalotoka kwa saa yake."

Akauliza, "Na mfuko?"

"Kila mwaka lazima tuupiganie upya kwenye bajeti."

"Vizuri," akasema. "Ungekuwa wa mara moja, ningejua mmejenga sanamu, si huduma."

Hilo ndilo ninalowaachia, wenzangu. Kila mwaka kuna mtu mpya hazina atakayeuliza kwa nini mkulima alipie basi. Msimkasirikie. Mkaribisheni, mwagizieni chai, mwachieni aulize mpaka mwisho, kwa sababu mkataba wetu wote mzuri ulitoka ndani ya swali hilo.

Juzi nilikuwa natoka sokoni Remera na mfuko wa dengu, siku yangu ya kumi na ngapi sijui bila kazi. Nikaona basi la Kanombe linafunga milango. Miguu ikaanza kukimbia kabla sijaiambia, mfuko unanigonga goti, mkono juu. Likaondoka. Nikasimama nahema, nikiwa tayari kukasirika, na binti mmoja aliyeketi pale kituoni na mtoto mgongoni akanitazama kwa huruma. Hakunijua hata kidogo.

"Mama, unakimbilia nini?" akasema, akisogea kunipa nafasi. "Lingine linakuja."

Nikakaa.